Sahani Iliyofunikwa

Harufu ya klorini ikinifikia, hata niwe namsuka mteja saluni kwangu hapa Kahama, naiona palepale sahani ya bati iliyofunikwa kwa sahani nyingine, na naona haya. Nakueleza wewe kwa sababu mama sikuwahi kumweleza, na sasa hayupo.

Mama, ambaye watu walimwita Mama Minza kwa jina langu, alikuwa na mgahawa kwenye senta yetu, mbele kidogo ya Buseresere. Walaji wetu walikuwa wachimbaji, watu wasiojua wali kidogo. Wafanyakazi walikuwa wawili: mama Shija aliyepika, na dada Kabula, binti wa Ushetu aliyepakua, na aliyenisuka kila Jumapili huku akinivuta nywele makusudi ili nipige kelele. Kipindupindu kilipoingia, mama aliwakalisha chini akawaambia, "Anayeumwa aseme. Chakula chake kitakuwepo na kazi yake iko palepale."

Jumanne moja dada Kabula akasema. Mama akampeleka zahanati, akafunga mgahawa, akasugua kwa klorini hadi miguu ya mabenchi, na kila aliyeuliza alimwambia ukweli. Migahawa mingine iliwaficha wagonjwa wao ikaendelea kuuza. Wa kukimbiwa tukawa sisi.

Shuleni nilikaa dawati peke yangu. Bombani wenzangu walisogeza ndoo zao nikifika. Dada Kabula alipotoka zahanati alipumzika chumba cha uani, na mama alishinda huko, kila mchana akimfunikia sahani yake. Mimi nilikula peke yangu jikoni. Nilikuwa na miaka tisa, na upweke wote ule niliuona umeletwa na mtu mmoja.

Siku moja mama alinituma nimpelekee chakula. Nikakiweka mlangoni, nikasema, "Mama anasema ukipona urudi kwenu. Umetuharibia."

Akanitazama. "Mama Minza kasema hivyo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Haya, mdogo wangu."

Asubuhi chumba kilikuwa kitupu, kanga alizoazimwa na mama zimekunjwa vizuri kitandani.

Mama alimtafuta stendi, akatuma watu Ushetu, wapi. Wateja waliporudi, bado aliifunika ile sahani kila mchana. "Sijui nilimkosea nini," alisema mara moja, akiwa ameinamia sufuria. Nilikuwa pembeni yake, nikachambua mchele kwa bidii ambayo sijawahi kuwa nayo tena.

Mvua zilizofuata mama Shija aliungua mkono kwa mafuta, akauficha ndani ya kanga siku tatu. Mama alipouona umeoza alishtuka. "Mbona hukusema?"

 Mama Shija alitazama tu ile sahani ya dada Kabula rafuni.

Leo nina wasichana wawili saluni. Mmoja akisema anaumwa, namfunikia chakula na kumpelekea mwenyewe, simtumi mtu. Miaka mingi nilidhani nilichofanya ni kumfukuza dada Kabula. Kumbe mama alikuwa ametoa neno lake mbele ya wote, na mimi ndiye niliyemfanya mwongo.