Siku Niliyoisifia Mausi ya Ssalongo

Kama siku ile ningemwambia Mama Nekesa "sijui, nipe muda", aibu hii ninayowasimulia ingempata mtu mwingine. Lakini nilisema, "Niachie mimi," na kwa mdomo huu huu (siku hizi una meno machache na adabu kidogo zaidi) nikajitwika kazi ya kupima mausi za kuchezea michezo ya kompyuta, mimi ambaye mchezo pekee niliowahi kuucheza kwenye kompyuta ulikuwa wa karata, tena kwa kujificha, bosi akienda kula.

Hapo ni Busia, miaka ya tisini ikielekea kuisha. Nilikuwa karani katika ofisi moja ya kutoa mizigo forodhani, nina cheti changu cha kidato cha nne, nachapa fomu za malori asubuhi hadi jioni, na kwa kuwa ofisi yetu ilipata kompyuta kabla ya majirani, watu walidhani mimi ni mtaalamu. Sikuwasahihisha. Mtu akikuita mtaalamu mbele ya watu, si rahisi kumwambia amekosea.

Mama Nekesa alikuwa mjane aliyeanza kwa kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Sio Port, akaweka akiba mpaka akanunua kompyuta nne kuukuu na kuzipanga kwenye chumba karibu na barabara ya mpakani. Watu walimcheka kwanza, kisha wakaanza kupanga foleni. Madereva na matanboi, wale wasaidizi wao wa lori, wanaosubiri karatasi zao zipite (kusubiri kwenyewe ni siku tatu, na hakuna anayeweza kulala siku tatu) walikuja kucheza mbio za magari, mpira, na ule mchezo wa kukimbia ndani ya majumba ukifyatua risasi. Tatizo lake lilikuwa mausi. Zile nzuri zilitoka Nairobi na bei yake iliuma, na mikononi mwa matanboi zilikufa kama kuku wa kideri.

Ndipo akatokea mfanyabiashara wa ng'ambo, upande wa Uganda, tuliyemwita Ssalongo kwa sababu alikuwa baba wa mapacha. Alibeba boksi la mausi nyeusi zilizochorwa moto mgongoni, bei rahisi ajabu, akaapa kwamba zimeundwa kwa ajili ya wachezaji. Mama Nekesa hakuwa mtu wa kununua kitu kwa kiapo. Aliniita akaniambia hivi:

"Boss, kaa na hizi mbili wiki moja. Wape wale wachezaji wazitese, halafu uniambie kama zinamfaa mtu mwenye pesa kidogo. Ukisema zinafaa, nachukua boksi lote, na ya Malaba pia."

Hiyo ya Malaba ndiyo iliyonitoa jasho. Kulikuwa na Mzee Ekirapa, mwenye malori, aliyekuwa na chumba kitupu kule Malaba karibu na maegesho, na Mama Nekesa alikuwa akimbembeleza wafungue pamoja chumba cha pili. Kikifunguliwa, alikuwa ameniahidi, msimamizi ni mimi. Nilikuwa nimechapa fomu miaka kumi na moja. Nilishaanza kujiona nimekaa mlangoni pale Malaba na funguo shingoni, watu wakiniuliza mchezo gani mzuri.

Basi nikaondoka na mausi mbili, na nje Ssalongo akanifuata akanitia ya tatu mfukoni. "Ssebo, bwana wangu, hii ya kwako," akasema, "upime polepole." Nilijua maana yake. Nilijua kabisa, na mkono wangu ukafunga mfuko wenyewe.

Sasa nisikilizeni nilivyopima. Sikumpa tanboi hata mmoja. Nilichomeka moja ofisini saa ya chakula, juu ya meza ya kioo ya bosi, nikacheza karata kama dakika kumi, kigololi chake kile cha mpira (mausi za siku zile zilitembea kwa kigololi) kinateleza tumboni vizuri, kitufe kinalia kwa adabu, nikaona hii ni mashine. Wiki ilipoisha nikamwambia Mama Nekesa nimeitesa siku saba na haina kasoro. Siku saba.

Ningeishia hapo pengine ningesitirika, ila yeye kwa furaha akasema Jumamosi Mzee Ekirapa anakuja kutazama mashindano kati ya wachezaji wa Busia na wa Malaba, na ni vizuri mtaalamu aseme neno kuhusu mausi mpya. Nikasema nitasema neno. Kisha nikaongeza (hakuna aliyeniomba) kwamba mgeni wa heshima hawezi kuketi penye meza za mbao tupu, nikaenda kwa akina mama wa kanisani kuazima vitambaa vya kufuma, vile vyeupe vyenye maua, vilivyopigwa wanga vikakakamaa, tukavitandika kila meza, chini ya kila kompyuta na chini ya kila mausi. Kwetu hata redio huvishwa kitambaa. Chumba kilipendeza kama kuna harusi.

Jumamosi watu walijaa mpaka madirishani, Ssalongo naye akiwa kando ya boksi lake. Nilivaa suruali yangu ya kaki ya Pasaka. Nilisimama nikaisifia mausi ile kwa dakika nyingi: kwamba mwenye mfuko mwembamba sasa naye atacheza kama wa Nairobi, kwamba mimi binafsi nimeishi nayo wiki nzima. Mzee Ekirapa akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Halafu akasema kitu cha kawaida sana, cha mtu anayetaka kujua anachonunua: "Basi wewe mwenyewe tuonyeshe."

Aliyewekwa kushindana nami alikuwa dada Adongo, karani wa ofisi ya pili kutoka yetu, msichana mpole ambaye kwenye mchezo wa risasi aliwamaliza madereva mmoja mmoja. Alipoketi alikikunja kitambaa chake akakisukuma pembeni, akaweka mausi juu ya jalada la kalenda ya zamani. Akaniinamia akaniambia polepole, "Mzee, toa hicho kitambaa." Nikamjibu kwamba sisi wengine hatuhitaji kuandaliwa uwanja.

Mchezo ulianza, na mtu wangu kwenye skrini akatazama dari. Nikavuta mausi chini, akatazama dari. Nikasukuma kushoto, akazunguka kama mlevi kisha akaganda akikodolea ukuta, na hapo Adongo alikuwa ameshanipiga risasi mara tatu mgongoni. Kumbe kigololi kilikuwa kinasaga uzi na vumbi la wanga na kumeza vyote, na kadiri nilivyokandamiza ndivyo kilivyomeza. Nyuma yangu tanboi mmoja wa Malaba akauliza kama huyu ni mchezaji ama ni fundi wa dari. Watu wakacheka. Nikatoka jasho, nikainua mausi kwa hasira ili niipigepige mezani, na kitambaa chote kikainuka nayo, kimenaswa, kikaburuta soda ya Mzee Ekirapa iliyowekwa mezani kwangu, ikamwagikia mapajani mwangu.

Nikaivuta kwa nguvu. Kifuniko cha chini kikafyatuka, kigololi kikaanguka, kikadunda mara mbili na kuviringika. Mtu mwenye akili angekaa. Mimi nilipiga magoti na suruali iliyolowa nikakifuata, kati ya miguu ya watu, chini ya kiti cha mgeni wa heshima, ambaye aliinua miguu yote miwili juu kama mtu aliyevamiwa na mafuriko ya Budalang'i, na kigololi kikatoka mlangoni hadi barabarani na mimi nyuma yake kwa magoti na viganja.

"Mama, ita paka," mmoja akasema dirishani. "Mtaalamu anawinda peke yake."

Nilipokirudisha, Ssalongo alikuwa anajitetea kwa sauti kwamba bidhaa yake haina kosa, kwamba hata mtaalamu alipenda, si alipewa moja ya bure akaichukua. Mama Nekesa hakupandisha sauti.

"Uliipimia wapi?"

Nikamwambia ukweli, nikiwa nimesimama na kigololi mkononi na soda ikinichuruzika: ofisini, juu ya kioo, dakika kumi, karata.

"Na ya bure?"

"Niko nayo nyumbani."

Akatikisa kichwa taratibu, akaondoa vitambaa mwenyewe, kimoja kimoja, akavikunja.

Sasa sikieni jambo jema lililotoka hapo, maana lipo. Adongo aliziomba zile mausi mbili, akazipa matanboi wiki nzima kama ilivyotakiwa. Akagundua si mbovu: ukiziweka juu ya kipande cha mpira wa ndani wa tairi, ukasafisha vijiti vya tumboni kila jioni kwa pamba na spiriti, zinafaa kwa mpira na mbio za magari. Kwa mchezo wa risasi hazifai, waya wake ni mzito na kigololi ni chepesi. Aliyaandika yote kwenye karatasi akaibandika ukutani, na madereva wakaisoma na kuiamini. Mama Nekesa alinunua nusu boksi tu. Mzee Ekirapa, aliyecheka siku ile mpaka akafuta machozi, alitoa chumba chake, na Malaba ikafunguliwa, ikajaa, na wapo watu wazima leo walioshika kompyuta mara ya kwanza mle ndani. Nikipita na kumsikia mmoja wao akisimulia, moyo wangu hufurahi kweli.

Tangu hapo sisifii kitu ambacho sijakitumia, hata dawa ya mbu. Ile ya bure nilimrudishia Ssalongo. Lakini Mama Nekesa hakuniuliza tena maoni yangu juu ya jambo lolote, mpaka alipohama. Usimamizi wa Malaba alipewa Adongo, naye aliustahili, na mimi nilichapa fomu za malori miaka kumi na minne mingine, hadi nikastaafu.