Shikamoo kwa Rust
Jirani yangu wa Kihonda huandika programu kwa Rust, lugha ya kompyuta inayokataa kuianzisha programu ikinusa kosa. Ikimkatalia, hupangusa miwani kwa ncha ya shati, huinamia kioo na kusema, “Shikamoo, mama mkwe,” kisha hurekebisha. Mfumo wake wa zamani wa kuwaunganisha wakulima wa Matombo na wanunuzi ulizimika kila siku ya gulio, ndizi zikaivia shambani. Leo lilikuwa gulio la kwanza la mfumo mpya alioandika kwa Rust. Oda zikamiminika, naye akaikumbatia meza kana kwamba ingepaa. Simu ikalia.

“Mwanangu, mbona leo hujazimika?” Theresia, mmoja wa wakulima wale, alipiga kelele kutoka Matombo. “Lori limebeba ndizi zote!”

Akaruka uani, nilikokuwa nikimtazama dirishani huku fundi akirekebisha bomba langu, akanipa mkono, akampa na fundi, akarudi mezani. “Shikamoo, mama mkwe,” akasema, ingawa safari hii hakuwa amekataliwa chochote.