Bibi Sisikii

Mtaa mzima ulimwita Opereta, hata wale waliozaliwa baada ya yeye kustaafu na wasiojua jina hilo lilitoka wapi. Kwa miaka thelathini na mmoja alikaa katika kichumba cha hospitali kuu, mbele ya ubao wa simu wenye nyaya na vitundu, akiunganisha wodi na maabara, daktari na mkewe, na siku nyingine daktari na asiye mkewe. Alisikia mengi mno. Hakutoa hata moja nje ya mlango ule. Ukimtazama ungedhani mama kama huyo hana doa, lakini uzeeni alikuwa na wivu, tena wivu mkubwa, na mimi sitamfichia.

Aliyemwonea wivu ni mama mzazi wa mke wa mwanawe, yaani bibi wa pili wa mjukuu wake wa pekee. Moyoni alimwita Bi Kioo, kwa sababu ya simu aliyokuwa nayo, pana kama sinia, ambayo hakuitia mkobani maisha yake yote. Wakwe hawa wawili walikutana kila mwezi kwenye foleni ya kliniki ya presha, na Bi Kioo hakukosa la kusimulia.

"Mkwe wangu, mjukuu wetu jana kaniimbia nyimbo mbili! Tena kaniambia huko shule mpya ana marafiki watatu. Watatu, na majina yao ananitajia. Wewe hajakwambia?"

"Ameniambia," Opereta alijibu. Uongo mtupu.

Alipoingia kupimwa, muuguzi aliitazama mashine, kisha akamtazama yeye. "Mama, umepanda ngazi mbio?"

Mjukuu mwenyewe alikuwa wa miaka sita kasorobo, na aliishi na wazazi wake nchi ya mbali. Baba yake ni mtu wa kompyuta. Likizo iliyopita alimletea mama yake laptop kuukuu ili awe anawaona. "Nimekuwekea mfumo wa Linux, Mama. Ni nyepesi, haina virusi, haitakusumbua." Na kweli haikumsumbua, ila ilikuwa bubu. Betri yake ilishakufa, kwa hiyo ikichomolewa tu ukutani inazima, na kila ikiwashwa upya inaamka bila sauti. Kwenye kona ya skrini kialama cha spika kilionyesha mambo ni shwari. Sauti ndiyo haikuwepo.

Basi kila Jumapili saa nne asubuhi ilikuwa hivi. Opereta anachomeka waya, anakaa mezani na kilemba chake kizuri. Mjukuu anatokea peke yake, maana baba yake bado yuko jikoni anaandaa chai. Mtoto anasogea karibu, midomo inakwenda mbio, mikono inakwenda, macho yanamtoka, na bibi haambulii kitu. "Sisikii, mama! Sisikii!" Mtoto hakomi. Anaongea dakika kumi nzima. Kisha baba anakuja, anaandika maelekezo kwa herufi chini ya picha: fungua hapa, bonyeza pale, chagua spika. Sauti inarudi, na wakati huo mtoto ameshakwenda kucheza.

"Unajua anakuitaje?" mwanawe alimtania siku moja. "Bibi Sisikii. Yule mwingine anamwita Bibi tu."

Opereta alicheka naye. Alipofunga laptop alikaa pale pale mezani, kilemba kichwani. Yule mwingine ni Bibi tu! Mtu mzima, mstaafu wa serikali, akajikuta anaomba simu ya mkwe mwenzake itumbukie kwenye ndoo ya maji.

Kesho yake aliibeba laptop hadi kwa fundi wa ghorofa ya chini. Fundi aliichomeka, akaitikisa sikioni, akasema spika zimekufa.

"Zimekufa vipi, na jana zilikuwa zinasema?"

"Mama, kufa kwake ndiko huko. Zinakufa, zinarudi."

"Baba, maiti wa hivyo mimi hospitalini sikuwahi kumwona," alisema Opereta, akakunja waya wake akaondoka.

Njiani akipanda ngazi, ndipo kazi yake ya zamani ilipomrudia. Kwenye ubao wa simu, mtu akilalamika kwamba hasikiki, hukimbilii kusema simu yake imekufa. Unauliza kwanza waya umechomekwa tundu lipi. Alimpigia mwanawe kwa kisimu chake cha vitufe, kitu ambacho hakukifanya ila kwa msiba.

"Nani amefariki?" mwanawe aliuliza.

"Hajafariki mtu. Nijibu hili tu. Mashine ikiamka, ile sauti inakwenda wapi?"

"Inakwenda kwenye tundu la televisheni, Mama. Kuna kadi mbili za sauti. Ikiwaka inashika ya kwanza, na ya kwanza ni ya televisheni."

"Na televisheni ninayo?"

"Huna."

"Kwa hiyo miezi saba mtoto wangu anaongea, na maneno yake yanapelekwa tundu ambalo hakuna mtu!" Akapandwa na hasira, kisha akatulia, kwa sababu kosa hilo alilijua. Hospitalini walikuwa na msichana wa zamu ya asubuhi aliyekuwa hivyo hivyo. Akifika anachomeka kila kitu tundu la kwanza, na ukimwelekeza anaelewa, kesho amesahau. Dawa yake ilikuwa kumbandikia karatasi ubaoni, aisome kabla hajagusa waya. "Mashine yako haina pa kubandika karatasi?"

Mwanawe alicheka mpaka akakohoa. "Lipo faili inalolisoma kila ikiwaka. Ni mstari mmoja tu. Mimi kila wiki narekebisha, sikuwahi kukaa nikaliandika."

"Basi nitaliandika mimi. Niandikie huo mstari, na uutume hivyo ulivyo."

Uliandikwa siku ya Jumanne, kwenye dirisha jeusi la kuandikia amri, kwa kidole kimoja. Mara ya kwanza alisahau nafasi baina ya maneno mawili, mashine ikaamka bubu. Akaukagua herufi kwa herufi kwa rula, akaona kosa, akasahihisha. Akachomoa, akachomeka. Alipobonyeza kitufe cha kuongeza sauti ikalia: ti! Akachomoa tena mara nne, na mara zote nne ikalia. Hakumwambia mtu. Alitaka Jumapili ampigie mjukuu kelele ya furaha, na kliniki mwezi ujao amwambie Bi Kioo neno moja tu, lakini la kumtosha.

Jumapili ikafika. Mjukuu akatokea, peke yake kama kawaida, akatazama nyuma kuelekea jikoni, akasogea. Opereta alishafungua mdomo kusema "Nakusikia!"

"Bibi Sisikii," mtoto alinong'ona, na sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko alivyoiwaza, "leo nina siri nyingine."

Mdomo wa bibi ukabaki wazi.

"Shuleni sina rafiki. Hata mmoja. Wananicheka navyoongea. Yule Bibi nilimwambia ninao watatu, nikamtajia majina, lakini ni ya wanasesere wangu. Yeye nikimwambia kitu anamwambia mama. Wewe husikii, ndiyo maana nakwambia wewe."

Hilo ndilo lililokuwa likipotelea tundu la televisheni kila Jumapili. Opereta alihisi macho yanamjaa. Aliyaacha, akapeleka kiganja sikioni kama afanyavyo siku zote, akatikisa kichwa.

"Sisikii, mama," alisema. "Sema tena. Polepole."

Mtoto akaisogeza pua mpaka ikagusa kamera, akaanza upya tangu mwanzo.

Baba alipokuja na kikombe cha chai, mtoto alikuwa ameshakimbilia chumbani. Opereta aliandika, mtoto asije akasikia: "Kesho ukimpeleka shule usiondoke haraka. Zungumza na mwalimu wake."

"Kwa nini? Kuna nini?" mwanawe naye aliandika.

"Hakuna kitu. Zungumza naye tu."

Mwanawe alikuna kichwa. Kisha akaandika: "Haya. Na ule mstari, Mama? Sauti imekubali?"

Opereta alikitazama kialama cha spika pale kwenye kona. Akamfikiria Bi Kioo na marafiki wake watatu, na lile neno alilokuwa amemwekea. Akaandika kwa kidole kimoja:

"Bado. Usihangaike nayo tena."