Ubeti wa Tatu wa Wimbo wa Baba

Nilimwambia kiongozi wa bendi waziwazi kwamba ubeti wa tatu siuimbi.

"Dada, huo ndio wimbo wenyewe," akanijibu. "Watu wamevuka mpaka kutoka Nakonde kuja kuusikia."

Nikamwambia kama anautaka sana aimbe yeye, na hiyo sauti yake ya kukwaruza.

Baba alikuwa mwanamuziki wa dansi, na watu wa dansi wana tabia ya kutaja watu kwenye nyimbo. Katika ubeti ule alimtaja mwanamke wake wa ng'ambo ya mpaka, kwa jina na kwa mapenzi yote. Tunduma nzima iliucheza kwenye harusi, na sisi watoto tulijifanya hatusikii. Sasa baba hayupo, wenzake wameandaa tamasha la kumuenzi, mimi bintiye nimepewa kuimba, na kamera zinarekodi. Mama alikuwa amekuja kutoka Iyula na kitenge kipya, wakamkalisha kiti cha mbele kabisa. Niliapa hataaibishwa kwenye video ambayo wajukuu zake wataitazama miaka na miaka.

Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Nikamwona mpiga picha mmoja anamsogelea mama, kamera usoni. Mshenzi yule alikuwa ameshanusa kitu. Gitaa liliponikaribisha kwenye ubeti wa tatu, niliruka moja kwa moja hadi kwenye kiitikio. Mpiga besi akapotea, ngoma zikavurugika, ukumbi ukaanza kuzomea. Bendi ikanyamaza.

Mama akasimama. Alipanda jukwaani taratibu, kamera zote zikimfuata, nami nikajua anakuja kunichukua twende nyumbani.

"Mbona unaukata wimbo wa baba yako?" akauliza, na kipaza sauti kikamnasa.

"Mama, nilikuwa nakufichia aibu."

"Aibu gani? Aliutunga nyumbani kwangu, mimi napika, namsikia. Leo ni siku yake. Imba wote."

Kiongozi wa bendi akaanzisha upya. Mama akanishika mkono, akaikazia kamera macho, uso mkavu. Nilipolitaja jina la mwanamke yule, alinibana vidole kwa nguvu zake zote, na hakuniachia mpaka wimbo ukaisha.