Pampu Inayopita Vichochoroni

Kabla watu hawajaanza kumwita Dada Pampu, alikuwa fundi cherehani. Alishona ovaroli za wafanyakazi wa magari ya majitaka, na kila walipokuja kupimwa aliwasikia wakilalamika: vichochoro vya mtaa wake ni vyembamba, gari halipiti, na mvua ikinyesha wenye nyumba wanatapisha vyoo mferejini.

"Basi gari lipunguzwe," aliwaambia huku akikata uzi kwa meno.

Walicheka. Yeye hakucheka. Aliuza vyerehani vyake, akabakiza kimoja, akamwendea fundi wa kuchomelea. Wakaunda pampu ya mkono na mapipa yenye vifuniko vya kukaza, vyote juu ya pikipiki ya magurudumu matatu. Akasajili kampuni, akapata kibali cha manispaa cha kumwaga kwenye mabwawa ya majitaka.

Kaka yake, mwenye nyumba za kupangisha, alikuja juu. "Unauaibisha ukoo mzima!"

"Kaka, aibu ni kile kinachoelea mferejini."

Wakanuniana.

Mvua zilipokolea, choo cha wapangaji wa kaka kikafurika. Akamtuma mkewe.

"Wifi, mwenzangu anaomba uje giza likiingia, watu wasione."

"Mwambie hii ni kampuni, si genge la wezi. Nakuja mchana kweupe."

Alifika na wafanyakazi wake wawili, wote ndani ya ovaroli za bluu alizozishona mwenyewe. Wapangaji wakajaa uani. Mara pampu ikakwama. Akazamisha ndoano ndefu, akavuta, ikaibuka suruali ya mistari.

"Ya baba mwenye nyumba hiyo!" akadakia mpangaji mmoja. "Si ndiyo aliyosema tumeianua kambani tukaiiba?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Kaka, aliyekuwa akichungulia dirishani, akatoka amenywea kama kuku aliyenyeshewa. Halafu naye akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika mbavu. Akaomba glavu, akaudaka mpira wa pampu.

"Haya, mdogo wangu, nielekeze."

Siku hizi kaka ndiye anayewashawishi wenye nyumba wenzake. Juzi alimletea dada yake habari kwamba kampuni nyingine imefunguliwa ng'ambo ya barabara, nayo ina pampu kama yake.

"Waache waje," alijibu Dada Pampu, akikaza kifuniko cha pipa. "Vichochoro ni vingi, na vyoo havina likizo."