Moyo Nyuma ya Mbavu

Agneta Nakhungu hakusomea kazi ya kutazama watoto tumboni. Alikuja Kisumu kuuza mitumba katika soko la Kibuye, kisha akaajiriwa na kliniki moja ya Nyalenda kuosha filamu za eksirei. Mwaka 1991 mashine ya altrasaundi ilipoletwa, fundi alipewa siku tatu za kufundisha. Agneta akamwambia siku tatu zinatosha kuangalia picha, si kuzielewa. Wakavutana. Akampikia kuku wa kienyeji, fundi akakaa siku tano.

Miaka mitatu baadaye hakuna aliyembishia katika kile chumba chenye pazia jeusi, isipokuwa watoto wa miezi minane. Wa miezi mitano huogelea tu, moyo anauonyesha bila kuombwa. Wa miezi minane amejaa nyumba nzima, na akiamua kukupa mgongo, mbavu zake zilizokwisha kukomaa hutupa vivuli vyeusi juu ya moyo. Huoni kitu.

Ndivyo alivyofanya mtoto wa Benta, mpanda mpunga wa Ahero. Asubuhi hiyo Daktari Wakhisi alikuwa amesikiliza tumbo la Benta, akasikia moyo ukipiga, ukiruka pigo, ukiendelea. Alitaka kuona vyumba vyote vinne vya moyo. Vikiwa sawa, Benta atazalia hapa hapa. Visipoonekana, aende Nairobi kesho. Na Benta alishazika mtoto mmoja wa siku mbili. Huyu hakutaka kumzaa kati ya watu asiowajua.

Agneta akamlaza ubavu wa kushoto. Vivuli. Wa kulia. Vivuli. Akamtembeza uani, akamnywesha chai yenye sukari nyingi. Mgongo ulikuwa palepale.

"Mkaidi kama babake," Benta alisema.

"Babake tungemfukuza. Huyu itabidi tumbembeleze."

Daktari akachungulia mlangoni. "Nakhungu, niandike Nairobi?"

"Nipe nusu saa."

"Dakika kumi."

"Ishirini, na usiingie mpaka nikuite."

Daktari akacheka, akaenda zake.

Agneta akavuta kiti karibu na kitanda. "Mama, huyu hucheza zaidi saa ngapi?"

"Nikiwa shambani, sista. Nikiinama kupanda, anageuka kama mtu anayetafuta pa kulala."

"Basi panda."

"Nipande nini hapa?"

"Mpunga. Teremka."

Benta akamtazama aone kama ni mzaha. Kisha akateremka, akafunga leso vizuri, akainama. Mkono wa kushoto ulishika miche isiyokuwepo, wa kulia ukaichomeka sakafuni, huku akirudi nyuma hatua kwa hatua kama afanyavyo kwenye maji ya majaruba. Agneta alisogeza kiti, akasogeza ndoo, akamshika kiuno asiyumbe.

"Nimefika ukutani."

"Anza mstari mwingine, mama. Polepole."

Mstari wa tatu Benta alisimama ghafla, mkono ubavuni. "Sista! Amegeuka!"

Agneta akamlaza kwa ubavu, akapaka jeli, akateremsha kipimio cha mashine chini kidogo tumboni, akitafuta upenyo. Mgongo ulikuwa umehamia pembeni. Vyumba viwili juu, viwili chini, ukuta wa katikati mzima, milango midogo ikifunguka na kufungwa. Akahesabu mara mbili ndipo akamwita daktari.

Daktari aliinamia kioo cha mashine muda mrefu. "Huko kuruka kutaisha kwenyewe. Moyo wenyewe umeumbika vizuri. Azalie hapa, tutamsikiliza kila wiki."

Daktari alipotoka, Benta akageuza shingo. "Mimi mbona naona mchanga tu?"

Agneta akamshika kidole, akakiweka juu ya kioo. "Hapa."

Kile kitu kidogo kilipiga, kikapiga, kikanyamaza. Kidole kikashtuka.

"Ngoja," Agneta alimwambia.

Kikapiga.

Kiliponyamaza tena, Benta alibana pumzi, lakini kidole hakikutikisika. Kikapiga. "Nyathina," alinong'ona, "mwanangu, nakungoja."

Nje wanawake watatu walikuwa wakisubiri zamu, na mmoja alishaanza kulalamika. Agneta hakuinua kipimio mpaka Benta mwenyewe alipotoa kidole.