Meza ya Dirishani

Kila asubuhi, kabla hajafunga aproni, Mama Makopo alitia mkono kwenye kopo moja bila kutazama, akachomoa kadi moja na kuitia mfukoni. Hilo ndilo neno la siku. Alishinda nalo, akala nalo chakula cha mchana, na jioni akalirudisha kwenye kopo lilelile. Miaka kumi na minane hakuwahi kutoka na kadi mlangoni. Nyumbani alikwenda na neno kichwani tu, kwa sababu mama yake mzazi, ambaye alikuwa haoni tena, alimngoja jikoni na swali lilelile: "Leo umetuletea neno gani, mwanangu?"

Karakana yao ilitengeneza maboksi ya kadi za kufundishia Kiingereza mashuleni. Chumba kirefu, balbu mbili, dirisha moja, na harufu ya gundi inayokufuata mpaka kitandani. Ukutani yalipangwa makopo arobaini na mawili, yaliyowahi kuwa ya maziwa ya unga. Humo maneno yalilala yamekatwakatwa kama kuku: kichwa, mwili, mkia. "Un" ilikuwa kichwa, "happy" mwili, "ness" mkia. Kila kadi ilipakwa ukingo wa rangi. Majina ya vitu na watu mekundu, vitendo kijani, sifa manjano, na yale yanayosema kitendo kilifanyikaje, buluu. Maneno madogo yasiyotaka kichwa wala mkia, kama "of" na "but", yaliachwa meupe.

Mama Makopo shule aliishia darasa la nne, tena katikati. Kiingereza hakukisema. Lakini ungempa mwili wowote angekuambia mkia upi unaushika na upi unautema. Alifundishwa na Babu Lenzi, mkaguzi wao, mzee wa miwani mizito kama vitako vya chupa.

"Kichwa hubadilisha maana," Babu Lenzi alizoea kumwambia. "Ukoo utaujua kwa mkia. 'Happy' ni sifa. Mtie 'un', bado ni sifa, ila amenuna. Mtie 'ness', amehamia kwa majina."

"Na lisilo na mkia, babu?"

"Litazame limekaa wapi na linafanya nini. 'Water' ndani ya ndoo ni jina. Likimwagilia bustani ni kitendo. Neno halina cheti, mwanangu. Kazi yake ndiyo ukoo wake."

Meza ya Babu Lenzi ilikuwa dirishani. Ya Mama Makopo ilikuwa chini ya balbu ya pili, ile inayokonyeza. Na hapo ndipo palipokuwa na shida. Mwaka wa pili sasa, chini ya balbu ile, kijani na buluu zilikuwa zimeanza kuwa kitu kimoja. Alijifanya anakung'uta vumbi ili azisogeze kadi kizingitini kwenye mwanga wa jua, akizitenganisha harakaharaka. Mama yake alianza hivyohivyo. Rangi kwanza, nyuso baadaye.

Hakumwambia mtu. Babu Lenzi hakuambiwa, aliona. Siku anastaafu aliipigapiga meza yake kwa kiganja kama mtu anayeaga ng'ombe wake. "Hii ni yako. Hapa kuna mwanga. Nimeshaongea na Bosi."

Bosi naye alisema, "Meza ni yako dada, wala usiwe na wasiwasi. Ngoja mwezi uishe."

Mwezi ukaisha. Ukaja mwingine. Mama Makopo alikagua kadi kwenye meza yake ya zamani, hakuthubutu kuikalia ile ya dirishani kabla hajaitwa. Subira huvuta heri, wanasema, lakini hakuna anayesema huivuta kwa kamba ya urefu gani.

Jumatatu moja Bosi aliingia na kijana aliyevaa viatu vya kung'aa. "Huyu mpwa wangu. Ana cheti cha lugha. Atakuwa mkaguzi. Dada, utamwelekeza kidogo, eti?"

Gundi, yule mwanamke wa kupaka na kubandika, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, akanong'ona, "Mwenzangu, umelea mimba, mtoto kapewa jirani."

"Nyamaza," alisema Mama Makopo.

Kijana hakuwa mbaya. Alimwamkia kila siku, alimwita mama. Walimpa jina la Mtaalamu, naye akalifurahia. Mama Makopo akamwonyesha vichwa, miili na mikia.

"Mama, hiyo inaitwa mofolojia," alisema Mtaalamu.

"Sisi tunaiita mikia," alijibu, na Gundi akacheka mpaka brashi ikamtoka.

Siku ya tatu Mtaalamu alileta pazia. Zito, la kahawia. Akalitundika dirishani mwenyewe, akisimama juu ya kiti cha Babu Lenzi. "Jua linanipiga kwenye kioo cha kompyuta," alisema. "Sioni kitu."

Mama Makopo alisimama na kopo mkononi. Miaka yote hiyo hakuwahi kuwaza kwamba mtu anaweza kupewa dirisha halafu akalifunga. Karakana ikabaki na balbu mbili, nayo ya pili inakonyeza. Akajaribu, siku moja tu. "Mwanangu, ungelisogeza hata kidogo."

"Kesho, mama."

Kuanzia wiki ile neno la siku alilichomoa kwenye kopo la maneno meupe tu. Nyeupe hakuikosea.

Maboksi sitini yalirudishwa na shule moja. Ndani yake "quickly" na "slowly" zenye ukingo wa buluu zilikuwa zimewekwa kwenye fungu la vitendo, na vitendo vingine vya kijani kwenye fungu la buluu. Watoto walishindwa kupanga hata sentensi moja. Karatasi ya ukaguzi juu ya kila boksi ilikuwa na sahihi ya Mtaalamu.

"Mimi nilizipokea zikiwa tayari zimepangwa," alisema Mtaalamu, akitazama viatu vyake.

Bosi akamgeukia Mama Makopo. "Dada, miaka kumi na minane! Mwenye macho haambiwi tazama."

"Nifungulieni pazia," alisema yeye.

"Pazia na maneno wapi na wapi?"

"Sioni, Bosi. Kijani na buluu sizioni bila mwanga. Ile meza uliniambia ni yangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti. Gundi aliacha kupaka. Bosi alikohoa, akajikuna shingo. "Sasa kama huoni, hiyo meza utaifanyia nini? Basi, kaa na Gundi. Utashika brashi. Brashi haihitaji macho sana."

Mama Makopo alikwenda dirishani, akalivuta pazia lote hadi mwisho wa waya. Mwanga ukamwagika mezani. Akapindua boksi la kwanza, akaanza kutenga, huku kijani, huku buluu, vidole vikienda kama vya mtu anayechambua mchele wa nyumbani kwake. La pili. La tatu. Hakuna kadi aliyoisogeza mara mbili. Mtaalamu alisogea kando na kompyuta yake. Bosi alitazama boksi la nne likiisha, akafungua mdomo, simu yake ikalia, akatoka nje kuipokea.

Mama Makopo alisimama na kadi mkononi, akimngoja arudi. Sauti ya Bosi ikasikika uani, inacheka na mtu mwingine.

Akalirudisha pazia kama alivyolikuta.

"Unakwenda wapi?" Gundi aliuliza.

"Nyumbani."

"Kesho je?"

Alivua aproni, akatoa kadi ya siku mfukoni, akatazama ukutani kwenye kopo lake. Ilikuwa "of". Alikuwa ameichomoa mara tatu mwezi ule, na kila mara mama yake alimuuliza maana yake. Babu Lenzi alisema neno lile halina maana likiwa peke yake, linashikilia wenzake tu.

Akaitundika aproni kwenye msumari. Kadi akaifumbata kiganjani, akapita mbele ya makopo yote arobaini na mawili, akatoka nayo, mama yake akaishike mwenyewe.